Hakuwa Panya, Tafadhali

Kwa kuwa ile video yangu nikipiga mayowe mlimani kwa sababu ya mnyama mdogo imeshafika hadi kwenye kundi la ukoo, na shangazi yangu amejibu kwa kikatuni cha panya na mikono ya dua, acheni nami niseme yangu. Yule hakuwa panya. Alikuwa pimbi, yule mnyama mdogo wa miambani. Pimbi na tembo ni wa ukoo mmoja, kaulizeni wataalamu. Kwa hiyo kama ni kushindwa, nimeshindwa na jamaa yake tembo. Tuheshimiane.

Ilikuwa Shipton's Camp, Mlima Kenya, mita 4,200 hivi, asubuhi ya baridi ya kugonganisha meno. Pimbi walikuwa wametoka miambani kuota jua, maana miili yao haijui kujipasha joto vizuri. (Hata wangu, lakini mimi hakuna aliyeniona kivutio.) Begani nilikuwa na kamera ya kuazima.

Dume moja lilikuwa limekaa juu ya jiwe, limenuna kama mwenye nyumba tarehe tano, meno mawili ya juu yamechomoza kama vipembe vya ndovu. Mbele yake palikuwa na mwamba bapa wenye michirizi myeupe na ya kahawia, kama uliomwagiwa chokaa. Nikasema, hapa ndipo. Nikalala kifudifudi. Likumbukeni hilo neno, kifudifudi.

Nikabana pumzi ili kamera isitikisike. Kubana pumzi kule juu ni ujinga, lakini nilitaka picha. Dume likanitazama. Nikalitazama. Kidole kwenye kitufe. Hapo ndipo nilipohisi kitu kinapanda mguu wangu wa kushoto, polepole, bila haraka yoyote, kama mzee anayepanda ngazi za benki. Kikafika gotini. Kikapumzika. Kikafika kwenye mfuko wa nyuma, ambako, nakiri, kulikuwa na nusu chapati. Kikanusa. Nikajiambia huo ni upepo. Upepo ukaacha chapati, ukapanda mgongoni, ukatembea uti wote, ukanikanyaga shingoni penye ngozi tupu.

Wadau, nyayo za pimbi zina unyevunyevu. Ndio unaowasaidia kung'ang'ania mawe. Ni kama kuguswa shingoni na mtoto aliyetoka kula embe.

Kwenye video mnasikia mayowe mawili. Moja ni la pimbi mlinzi akiwaonya wenzake. La pili msiniulize, na aliyesema nilimwita mama hana masikio mazuri. Nilisema "ama!" tu.

Niliruka, nikateleza, nikaanguka palepale, safari hii chali. Kwa hiyo pande zote mbili sasa. Mpagazi wetu akaja akanisimamisha kwa adabu kubwa, akatazama koti langu, akatazama ule mwamba, akasema taratibu:

"Kaka, umelala chooni kwao."

Ile "chokaa" ni mikojo. Ukoo mzima hukojoa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka mpaka mwamba unageuka rangi.

Chapati ililiwa. Kamera ni nzima, nimeirudisha usiku bila kugonga mlango. Picha nilizopata ni moja: kiatu changu na mawingu. Na wewe uliyeandika "pole kwa kutekwa na panya", nimeliona jina lako.

Koti liko kwenye kamba siku ya nne. Leo jirani ameniuliza kwa upole kama nimeanza kufuga mbuzi.