Mlima Tunao, Benchi Hatuna

Kila ninapopata Jumamosi isiyo na zamu, hupanda treni hapa Leeds kuelekea Carlisle na kushuka Ribblehead, stesheni ndogo iliyo peke yake katika nyanda za juu za Yorkshire, ambako hakuna mji, ila nyumba chache za mawe na kondoo wengi. Treni ikishaondoka, kimya hurudi, na aliyesimama jukwaani hubaki kati ya milima miwili: Ingleborough wenye mita 723 na Whernside wenye mita 736. Mbele yake, njia ile ile ya reli iliyomleta hupita juu ya daraja la mawe lenye matao 24, na jua likichomoza ghafla baina ya mawingu, vivuli vya nguzo za daraja hilo hulala juu ya majani kama meno ya kitana.

Waingereza hupenda kushindanisha stesheni zao kwa uzuri wa mandhari inayoonekana kutoka jukwaani, na kila mpenzi wa reli ana orodha yake kichwani. Wapo wanaoitaja Kyle of Lochalsh, ambako reli iliyofika mwaka 1897 inaishia kando ya maji na kisiwa cha Skye kimekaa ng'ambo. Wapo wanaoitaja Corrour, huko huko Scotland, ambako barabara ya umma haifiki kabisa. Na wapo wasiosikia la mtu kuhusu Dawlish, ambako mawimbi hupiga ukuta ulio chini ya miguu ya abiria. Nimefika zote tatu na uzuri wake siubishii. Lakini mimi ni mzaliwa wa Mombo, mkoani Tanga, na kwa kipimo cha macho peke yake naamini kwamba hakuna hata moja inayofua dafu mbele ya stesheni ya Moshi asubuhi ambayo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimevua mawingu.

Hesabu yake ni nyepesi. Hata Kleine Scheidegg, kule Uswisi, stesheni ambayo watalii huvuka bahari kuifuata, iko mita 2,061 juu ya usawa wa bahari, na mlima Eiger unaoikabili una mita 3,967. Tofauti yake haifiki mita 2,000. Mji wa Moshi uko katika mita 800 hivi na Kibo kina mita 5,895, kwa hiyo abiria anayeshuka pale hunyanyua macho kupita mita 5,000 za mlima mmoja, kuanzia migomba hadi barafu, bila kusogeza mguu.

Mombo ni jambo jingine, na naomba nivumiliwe nikikaa hapo kidogo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 huiacha minazi ya pwani, hupita Muheza na Korogwe, kisha hushikamana na ukingo wa Usambara, ambao huandamana na treni upande wa kulia hadi milima ya Upare inapoupokea. Kwetu ukingo huo umesimama kama ukuta. Chini kuna joto la mkonge na mpunga, na juu, umbali wa kilomita 30 na kitu kwa barabara ya kona, kuna Lushoto ambako watu hulala na mablanketi mawili. Babu yangu alifanya kazi katika genge la reli, akibadilisha mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, na kukaza misumari, na jioni alikuwa na desturi ya kunishika mkono twende stesheni hata kama hakuna treni inayotarajiwa. Tulikaa juu ya rundo la mataruma ya zamani, tukatazama giza likipanda mlimani kutoka chini kwenda juu, na lilipofika katikati, taa za magari yaliyoteremka kutoka Soni zilianza kuonekana, zikipotea kwenye kona na kujitokeza tena, moja baada ya nyingine. Babu alikuwa akizihesabu. Hadi leo sijaona jukwaa, Ulaya au kwetu, lenye jioni iliyo bora kuliko ile.

Basi kilichonifumbua macho huku si mlima. Ni benchi. Mbele ya Ribblehead kuna stesheni ya Dent, ambayo kwa mita 350 juu ya usawa wa bahari ndiyo ya juu kabisa katika njia kuu za reli za England, nayo iko zaidi ya kilomita 6 kutoka katika kijiji kilichoipa jina. Mlimani juu yake bado zipo safu za mataruma makuukuu yaliyosimamishwa wima yazuie theluji isiifukie njia. Watu wanaopanda treni pale ni wa kuhesabika. Hata hivyo, nilipofika mara ya kwanza nilikuta rangi mpya, maua kwenye vyungu, na benchi ambalo mtu akilikalia huliona bonde lote hadi linapogeuka. Nilikaa kwa dakika 50 nikisubiri treni ya kurudi, na katika muda huo wote hakuna aliyeniuliza ninafanya nini.

Mabenchi mengi ya nchi hii huwa na kibao kidogo cha shaba chenye jina la marehemu aliyepapenda mahali hapo. Familia yake imelitoa benchi kama watu wa kwetu wanavyochimbisha kisima kwa ajili ya wazazi wao, sadaka inayoendelea kila mpita njia anapopumzika. Nilipolielewa hilo, niliona kwamba huku jukwaa huhesabiwa kuwa mahali pa kukaa na kutazama, si mlango wa kupitia tu, na kwamba mandhari nzuri ya stesheni ni kazi ya mikono ya watu kama ilivyo kazi ya Mungu.

Uangalizi huo haukuja bure. Njia ya Settle hadi Carlisle, yenye kilomita 116, ilifunguliwa kwa abiria mwaka 1876 baada ya vibarua kuishi miaka kadhaa katika vibanda vya muda, wengi wakafa kwa ajali na kwa ndui na kuzikwa katika makaburi ya kanisa dogo la Chapel-le-Dale. Mwaka 1970 stesheni zake ndogo karibu zote zilifungwa, na katika miaka ya 1980 likatoka pendekezo la kuifunga njia nzima, hoja kubwa ikiwa ni gharama ya kulikarabati daraja la Ribblehead. Wananchi wakaungana, wakaandika pingamizi kwa maelfu, na miongoni mwa pingamizi hizo ikapokelewa alama ya mguu wa mbwa aitwaye Ruswarp, kwa kuwa naye alikuwa abiria wa kulipiwa nauli. Aprili 1989 serikali ikaachana na mpango huo. Leo sanamu ya mbwa yule iko kwenye jukwaa la Garsdale, stesheni inayofuata baada ya Dent, akiitazama milima. Mwenyeji mmoja mzee aliyenisimulia habari hizi jukwaani alizungumza kama mtu anayesimulia namna alivyolikomboa shamba la baba yake, nami niliona wivu.

Niliona wivu kwa sababu kwetu treni ya abiria ya kaskazini ilipokoma katika miaka ya 1990, sikumbuki kusikia sauti kubwa ikiitetea. Majani yaliota katikati ya reli, mbuzi wakayafuata, na kizazi kizima cha watoto wa Mombo kikakua kikiijua stesheni kama gofu. Desemba 2019 treni ilipoanza tena kwenda Moshi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha, shangazi yangu alinipigia simu akilia ili nami nisikie honi. Nilipokwenda nyumbani, nilipanda treni hiyo kwa ajili ya dirisha la kulia tu, na sikujuta.

Hata hivyo, katika stesheni moja ya njiani niliteremka kunyoosha miguu, nikainua simu kuupiga picha mlima, na kabla sijabonyeza askari alishanifikia. Aliniambia kwamba hapo ni mahali pa serikali, akataka nifute picha ambayo hata haikuwapo, kisha akaniamuru nirudi ndani ya behewa. Sikumjibu, kwa kuwa alikuwa kijana anayetimiza alichoambiwa. Niliumia kwa sababu mlima ule babu aliutazama miaka 30 akiwa na nyundo mkononi, na mimi mjukuu wake nikaonekana kama mwizi wake.

Nafahamu kwamba nchi inapiga hatua. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma ni jambo la kujivunia, na anayeikaribia Morogoro huiona Uluguru ikijitokeza kwa namna ambayo basi haiwezi kumwonyesha. Lakini katika mojawapo ya stesheni mpya nilizopita, abiria tulikaa ukumbini nyuma ya vioo hadi dakika za mwisho, tukaruhusiwa kutoka kwa foleni, tukahimizwa kupanda, na milima ikabaki nyuma ya migongo yetu. Usalama una haki yake, nami sitaki mtoto wa mtu aanguke relini. Ninachoomba ni sehemu moja ya jukwaa yenye uzio na kivuli, ambapo aliyefika mapema anaweza kukaa akatazama nje.

Wala sisemi kwamba huku ni peponi. Nauli za Uingereza ni ghali kiasi cha kumfanya mtu aahirishe safari, treni hufutwa bila onyo, na mara nyingi nimefika Ribblehead nikakuta ukungu umemeza milima na daraja pamoja. Kubwa zaidi ni upweke. Unaweza kukaa kwenye benchi lile zuri na watu watatu, kila mmoja akatazama mbele yake, treni ikaja mkaachana bila kusalimiana. Stesheni ya kwetu, hata ikiwa gofu, humpa mgeni "karibu", chai ya maziwa, peasi za Lushoto katika kisado, na bibi wa kumuuliza ni mjukuu wa nani. Ndiyo maana naona benchi lingefanya kazi kubwa kwetu kuliko huku, kwa sababu wa kulijaza tunao na mazungumzo tunayo.

Kibao cha kuutaja mlima kwa jina na urefu wake, ruhusa ya kupiga picha na mahali pa kukaa ni vitu vitatu ambavyo havisubiri mkopo wa nje. Kwa Mombo nimeshaanza. Binamu yangu ni seremala, naye amekubali kutengeneza benchi la mninga lenye mgongo, refu kiasi cha kukaliwa na watu wanne, litakaloelekezwa mlimani. Fundi wa vibao hapa Leeds ameniuliza maandishi, nikampa jina la babu, chini yake maneno mawili, "Genge la Reli". Kibao kimo kabatini kwangu, mbao zinakauka kwa binamu, na barua ya kuomba ruhusa ya kuliweka benchi hilo niliituma mwezi uliopita.