Nyayo Chafu Juu ya Altare

Ukiingia kanisa la Sant'Agostino mjini Roma, katika kikanisa cha kwanza mkono wa kushoto, utakuta nyayo mbili chafu juu ya altare. Ni za mwanamume aliyepiga magoti, ametupa mgongo, na vumbi la safari limemganda hadi kisiginoni. Pembeni yake amepiga magoti mwanamke mzee mwenye kofia ya kitambaa iliyochakaa na kuchanika. Mbele yao, mlangoni, amesimama Bikira Maria. Naye ni pekupeku, amempakata mtoto mkubwa kiasi kwamba unaanza kuwaza mikono yake itachoka lini.

Mchoraji Mwitaliano Caravaggio aliichora picha hii kati ya 1604 na 1606. Giovanni Baglione, mchoraji mwenzake na hasimu wake, aliyewahi kumshtaki mahakamani kwa kashfa mwaka 1603, aliandika baadaye kwamba watu wa kawaida waliipigia kelele nyingi kwa sababu ya miguu ile na kofia ile. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara najiuliza kama kelele zile zilikuwa za kuchukizwa tu. Roma ya miaka ile ilijaa mahujaji waliofika kwa miguu, hasa mwaka wa Jubilei wa 1600, na kilikuwepo chama cha waamini kilichowapokea, kuwalisha na kuwaosha miguu. Watu waliosimama chini ya picha hii walizijua nyayo za namna hiyo. Wengine walikuwa nazo.

Mimi nilikulia katika nyumba yenye kalenda ya parokia ukutani. Yesu wa kalenda ile alikuwa na mashavu laini na kanzu isiyoguswa na udongo. Nilimpenda, na sina neno baya juu yake. Lakini sikuwahi kujua nimesimama wapi mbele yake. Yeye alikuwa kwake, nami kwangu. Mbele ya mahujaji wale wawili, kwa mara ya kwanza, niliona nafasi yangu: ni nyuma yao, kwenye foleni. Picha imetundikwa juu ya altare, na mtu akipiga magoti chini yake anazikuta nyayo za aliyemtangulia juu kidogo ya macho yake. Anayefuata ni yeye.

Ndiyo maana nasikitika kila nionapo uchambuzi wa picha za dini za mtindo wa Baroko, yaani sanaa ya Ulaya ya hasa karne ya 17, unaoanzia na kuishia kwenye giza na mwanga. Tunaambiwa giza ni zito, mwanga ni mkali, na mambo yanatokea kwa kishindo. Ni kweli, lakini hayo ni maelezo ya ngozi. Swali la kwanza ninalotaka tuulize ni hili: mchoraji amemweka wapi mtu anayetazama? Mtu huyo hakuwa mtalii. Alikuwa mwamini aliyekuja kusali, mwenye magoti yanayouma, na picha ilipimwa kwa kumfuata yeye.

Twende kanisa la San Luigi dei Francesi, mwendo wa dakika chache tu kutoka pale. Huko, ukuta wa kushoto wa kikanisa cha Contarelli, kuna picha ya Wito wa Mathayo, iliyokamilika mwaka 1600. Biblia yetu inasema Yesu "alipokuwa akipita" alimwona mtu "ameketi forodhani". Sijui lugha nyingine inayonipa neno zuri kama hilo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa forodhani ni mahali gani: meza, sarafu, daftari, na watu wanaojua kuhesabu fedha za wengine. Caravaggio aliwavika watu wa forodha nguo za siku zake, kofia zenye manyoya, na upanga kiunoni. Yesu na Petro wakaingia na mavazi ya kale, miguu mitupu. Zama mbili katika chumba kimoja.

Sasa tazama mwanga. Dirisha la kikanisa liko juu ya altare, na altare iko kulia kwa picha hii. Mwanga uliochorwa nao unatoka juu kulia, kana kwamba jua la dirisha la kweli limeendelea na safari yake hadi ndani ya picha. Dirisha lililochorwa ukutani, juu ya vichwa vya wale watu, halitoi mwanga wowote. Jua lililomwangukia Mathayo ndilo lililokuangukia wewe uliyeingia kusali asubuhi ile. Siku hizi kuna kisanduku cha kutumbukiza sarafu ili taa ya umeme iwake. Nilipokuwa pale taa ilizimika, watu wakaondoka, nami nikabaki. Baada ya dakika chache macho yalizoea, na mkono wa Yesu ukatoka gizani polepole. Mkono wenyewe ni mlegevu, unafanana na mkono wa Adamu aliochora Michelangelo kwenye dari la kikanisa cha Sistina, Vatican.

Na miguu! Uso wa Yesu umeelekea mezani, lakini nyayo zake zimeshageukia nje. Alikuwa akipita, kama maandiko yanavyosema, na hasubiri. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mchoraji amekisoma kitenzi.

Wapo wanaobishana Mathayo ni yupi. Ni mzee mwenye ndevu anayenyoosha kidole, au kijana aliyeinamia sarafu mwisho wa meza? Papa Fransisko, katika mahojiano ya mwaka 2013, alisema anajiona katika Mathayo anayezikumbatia fedha zake. Mimi nasimama upande wa mwenye ndevu, kwa kuwa picha nyingine mbili za kikanisa hicho zinamwonyesha Mathayo mwenye ndevu vilevile. Hata hivyo yule kijana ananisumbua, kwani hajainua kichwa. Yumkini hajasikia kabisa kwamba kuna mtu ameingia.

Katika kanisa jingine la Roma, Santa Maria del Popolo, kuna Uongofu wa Paulo, wa 1601 hivi. Farasi amejaza picha karibu yote, na Sauli amelala chali chini yake, mikono hewani, macho yamefumba. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 9 umtafute farasi huyo. Hayumo. Wachoraji walimpandisha Sauli juu ya farasi karne nyingi kabla ya Caravaggio, lakini wengi walizungushia tukio askari wanaokimbia na mbingu zinazopasuka. Yeye amebakiza mnyama, mtunza farasi asiyeelewa kitu, na mtu aliyeanguka kichwa kikielekea kwetu. Kikanisa ni chembamba, picha iko ubavuni, unaitazama kutoka upande. Ukisogea hatua moja zaidi, Sauli anakaribia kukuangukia.

Nasikia mara kwa mara kwamba sanaa hii yote ilikuwa propaganda ya Kanisa dhidi ya Waprotestanti. Sehemu ya jambo hilo siikatai. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika kikao chake cha mwisho cha Desemba 1563, uliagiza picha zifundishe watu na ziwachochee kumpenda Mungu, tena maaskofu wazikague. Picha kubwa za mchoraji Rubens kule Antwerp, mji ambao makanisa yake yalivunjwa sanamu na Waprotestanti mwaka 1566, haziwezi kueleweka bila habari hiyo. Lakini anayetaka kutangaza utukufu wa Kanisa hahitaji visigino vichafu. Angechora mbingu na malaika, akalipwa, akaenda zake. Neno propaganda linaeleza kwa nini picha iliagizwa. Linashindwa kueleza kwa nini wengine waliipokea kwa kelele na wengine wakaikataa.

Maana zilikataliwa kweli. Wakarmeli, watawa wa kanisa la Santa Maria della Scala mjini Roma, waliipokea picha ya Caravaggio ya Kifo cha Bikira Maria wakaiondoa. Leo iko katika makumbusho ya Louvre, Paris, ina urefu wa karibu mita 3.7. Mwaka 1607 Rubens alimshauri mtawala wa Mantua, mji wa Italia, ainunue. Maria amelala juu ya kitanda kifupi, tumbo limevimba, miguu mitupu imetokeza nje ya gauni, na hakuna malaika hata mmoja. Mitume wamesimama kama watu wanavyosimama msibani, wakiwa hawajui waiweke wapi mikono. Maria Magdalena ameinama juu ya kiti kifupi, uso umezama mapajani, na mbele yake kuna beseni la shaba.

Beseni lile ndilo linalonishika koo. Aliyewahi kuwa katika nyumba yenye msiba, kabla mwili haujaoshwa, anajua lina kazi gani. Nawaelewa Wakarmeli. Walitarajia Mama wa Mungu anayekwenda mbinguni, wakaletewa maiti. Ila naamini walikosea. Mwanamke yeyote wa mtaani aliyeingia pale akiwa ametoka kumzika mama yake asingehitaji padri amweleze picha ile.

Mfano wa mwisho ni Kuzikwa kwa Kristo, iliyochorwa kati ya 1602 na 1604 kwa ajili ya kanisa la Chiesa Nuova, Roma. Jiwe la kaburi limechomoza pembe kuelekea kwetu, na wanaume wawili wanaushusha mwili. Nikodemo, aliyekumbatia miguu, ametugeuzia uso kama anayeomba msaada wa kubeba. Chini ya jiwe hakuna ardhi inayoonekana, ni giza tupu. Ilipokuwa juu ya altare, mwili ule ulikuwa unashushwa mahali ambapo padri anainua hostia, mkate wa Misa, akisema, "Huu ndio mwili wangu." Wafaransa waliichukua kwenda Paris mwaka 1797, na iliporudi haikurejeshwa kanisani. Iko katika makumbusho ya Vatican, ina taa nzuri na kamba ya kuzuia watu. Niliitazama pale, nikavutiwa na rangi, nikasogea ili mwingine apige picha.

Jioni nilikwenda Chiesa Nuova, ambako juu ya altare ileile imewekwa nakala. Mkono wa mchoraji wa nakala ni dhaifu, mtu anaona mara moja. Misa ilikuwa inaendelea, watu kama ishirini hivi, wengi wao vikongwe. Padri akainua hostia, na mkono wa Kristo aliyekufa ukawa unaning'inia moja kwa moja juu ya vidole vyake.