Kauli ya msanii ina uzito wake

Mwandishi mmoja anasema msanii akimuunga mkono mgombea, kura hazibadiliki. Sikubaliani naye. Septemba 2024 mwanamuziki wa Marekani Taylor Swift alipomuunga mkono mgombea urais Kamala Harris, watu zaidi ya 400,000 walifungua tovuti ya serikali ya Marekani ya wapiga kura kupitia kiungo alichoweka Instagram, ndani ya saa 24 tu! Harris alishindwa, ni kweli. Lakini kijana asiyejali uchaguzi akienda kuangalia namna ya kujiandikisha, hilo si jambo dogo hata kidogo. Na kwenye mchujo wa 2008 wa kumpata mgombea urais wa chama cha Democratic, wagombea walikuwa wa chama kimoja, sera zinakaribiana. Hapo neno la mtangazaji maarufu wa televisheni Oprah Winfrey lilimsaidia sana Obama. Kinachoniudhi ni msanii anayelipwa kupanda jukwaani halafu anawaficha mashabiki wake kwamba amelipwa.