Glovu za Hospitali na Deni la Aliyezitengeneza

Tarehe 15 Julai 2020, hospitali duniani kote zikiwa zinagombania vifaa vya kujikinga na Uviko-19, Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka ya Marekani ilizuia kuingizwa nchini humo glovu za kampuni tanzu mbili za Top Glove ya Malaysia, kampuni ambayo peke yake ilikuwa ikizalisha takriban robo ya glovu zinazotumika duniani. Sababu zilizotolewa hazikugusa ubora wa bidhaa. Idara hiyo ilitaja dalili za kazi ya kulazimishwa: wafanyakazi waliofungwa na madeni, saa za ziada zilizopita kiasi, hati za utambulisho zilizoshikiliwa, na mazingira mabaya ya kazi na ya makazi. Miezi minne tu kabla ya hapo, tarehe 24 Machi, idara hiyohiyo ilikuwa imeondoa zuio la namna hiyo dhidi ya WRP Asia Pacific, kampuni nyingine ya Malaysia, ikieleza kwamba hali ya kiwandani ilikuwa imerekebishwa. Huenda ilikuwa imerekebishwa kweli. Ila ni vigumu kusahau kwamba huo ndio wakati glovu zilipoanza kuadimika.

Mfano huu unaonyesha kwa nini ununuzi endelevu na wenye uwajibikaji, yaani unaojali haki za wafanyakazi na mazingira, ni suala gumu zaidi katika kampuni za afya kuliko katika biashara ya nguo au kahawa. Mnunuzi wa fulana anaweza kuacha msimu mmoja upite bila kuagiza mzigo. Mnunuzi wa hospitali hana nafasi hiyo, na wazabuni wake wanalijua hilo. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi huchukua njia nyepesi: huandika kanuni za maadili ya wazabuni, huwataka wazitie saini, kisha hutuma wakaguzi mara moja kwa mwaka. Kwa maoni yangu, kanuni zinazomfunga mzabuni peke yake, huku bei, muda wa kuleta mzigo na tarehe ya malipo vikibaki mikononi mwa mnunuzi, haziondoi dhuluma bali huisukuma kwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba. Wanaoona tofauti, hata hivyo, wana hoja ambazo haziwezi kupuuzwa, na baadhi yake zinatoka katika wodi zetu wenyewe.

Katika glovu za Malaysia, nchi iliyokuwa ikizalisha wakati huo takriban theluthi mbili ya glovu za dunia, mtu huyo asiyetajwa mara nyingi ni kijana kutoka Bangladesh au Nepal. Ili apate kazi hulazimika kuwalipa mawakala wa ajira, na kwa wafanyakazi wa Bangladesh kumetajwa ada zilizofikia dola 5,000. Mwaka 2020 kima cha chini cha mshahara katika miji mikubwa ya Malaysia kilikuwa ringgit 1,200 kwa mwezi, yaani chini kidogo ya dola 300, kwa hiyo ada ya kiwango hicho ni sawa na mshahara wa karibu mwaka mmoja na nusu usioguswa hata kwa chakula. Fedha zenyewe kwa kawaida ni za mkopo wenye riba, na dhamana yake huweza kuwa shamba la familia. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kazi hata lango la kiwanda likiachwa wazi. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Kampala aliyewahi kumsindikiza ndugu yake kwenda kufanya kazi Ghuba hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hapa hesabu husaidia kuliko maneno makali. Baada ya zuio la Marekani, Top Glove ilikubali kuwarudishia wafanyakazi ada walizotozwa, na jumla yake ilizidi ringgit milioni 130. Uwezo wa uzalishaji wa kampuni hiyo wakati huo ulizidi glovu bilioni 80 kwa mwaka. Ukizitandaza fedha zote hizo juu ya uzalishaji wa mwaka mmoja tu, ilhali ada zenyewe zilikuwa zimelipwa kwa miaka kadhaa, unapata takriban senti 4 za dola kwa boksi la glovu 100, na hata mashine zingefanya kazi kwa nusu ya uwezo wake isingezidi senti 8 au 9. Kabla ya janga, boksi hilo lilitoka kiwandani kwa dola 2 na ushei. Mwanzoni mwa 2021 bei ilipita dola 10, na wanunuzi walilipa. Faida ya Top Glove kwa mwaka wa fedha ulioishia Agosti 2021 ilizidi ringgit bilioni 7. Kwa bidhaa hii, basi, dai kwamba haki ya mfanyakazi ingeifilisi hospitali halisimami.

Lakini si kila hospitali ililipa dola 10 kwa sababu iliweza. Nyingine zilikosa kabisa. Anayenunua kwa ajili ya afya hutumia fedha za mgonjwa, ziwe zimetoka mfukoni mwake, kwenye bima au kwenye kodi, na wajibu wake wa kwanza ni kuhakikisha kwamba stoo haikauki. Katika nchi zetu mjamzito kuambiwa aende kujifungua na glovu zake mkononi si jambo geni. Ofisa ununuzi anayeongeza masharti kwenye zabuni, akapunguza idadi ya wazabuni wanaofuzu na kuchelewesha mkataba kwa miezi miwili, anaweza kuwa amemtendea haki mfanyakazi wa kiwanda cha Klang, Malaysia, kwa gharama ya mama huyo, ambaye hatakuwa na kamati ya kumlalamikia. Huu si udhuru wa watu wasiojali. Ni mgongano halisi wa wajibu wa aina mbili, na kanuni nyingi za maadili nilizozisoma huupita kana kwamba haupo.

Hata hivyo, hoja ya usalama wa ugavi inakata pande zote mbili. Novemba 2020 serikali ya Malaysia iliamuru viwanda 28 vya Top Glove vifungwe kwa awamu baada ya wafanyakazi zaidi ya 2,000 kugundulika kuwa na Uviko-19, na msongamano katika mabweni yao ulikuwa umekwisha kulalamikiwa. Bweni lililojaa, ambalo kwenye nyaraka za ukaguzi huhesabiwa kuwa suala la ustawi wa jamii, likawa sababu ya mzigo kuchelewa. Mnunuzi ambaye angegharimia vitanda zaidi mwaka 2019 angekuwa amejinunulia uhakika wa glovu wa mwaka 2020.

Ugomvi mkubwa zaidi ni kuhusu njia. Wapo wanaoshauri ushirikiano: usimkimbie mzabuni mwenye kasoro, kaa naye, mpe muda, fuatilia marekebisho, kwa kuwa ukivunja mkataba, wa kwanza kupoteza kazi ni mfanyakazi yuleyule unayemtetea. Ni ushauri wa busara, ila historia ya glovu haiupi nguvu sana. Viwanda hivyo vilikuwa vikikaguliwa kwa miaka kwa niaba ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani bila ada kurudishwa, na fedha zilianza kutoka pale soko lilipofungwa. Zuio dhidi ya Top Glove liliondolewa Septemba 2021, marejesho yakiwa yamekwisha kulipwa. Mwezi mmoja baadaye ilifuata zamu ya Supermax, kampuni nyingine ya glovu ya Malaysia, ambako Marekani ilisema imekuta dalili 10 kati ya 11 za kazi ya kulazimishwa zilizoainishwa na Shirika la Kazi Duniani. Canada ilivunja mkataba wake na kampuni hiyo Januari 2022, wakati Uingereza iliibakiza kampuni yake tanzu katika orodha ya wazabuni wa huduma yake ya afya ya umma, hadi uamuzi huo ukafikishwa mahakamani.

Kwa hiyo nguvu ilifanya kazi, lakini ilifanya kazi katika hali ambayo si rahisi kujirudia: mnunuzi mkubwa kuliko wote, na muuzaji aliyekuwa akiogelea katika faida. Bei ziliposhuka mwaka 2022 hadi kurudi karibu na zilipokuwa kabla ya janga, kampuni za Malaysia, zikiwa sasa zinagharimia ada za ajira na mabweni bora, zilijikuta zikishindana na viwanda vya China vilivyouza kwa bei ya chini na ambavyo mkaguzi huru hawezi kuvifikia kwa urahisi. Top Glove ilipata hasara katika mwaka wa fedha wa 2023. Wanunuzi walewale waliodai maadili mwaka 2021 walifuata bei mwaka 2022, na hapa ndipo ninapowalaumu zaidi. Ukimtaka mzabuni aongeze gharama kwa ajili ya haki, kisha ukamhama kwa tofauti ya senti 10 kwa boksi, umewafundisha wazabuni wote waliobaki somo baya kabisa.

Tukirudi Afrika Mashariki, sura ya suala inabadilika. Hapa mzabuni dhaifu mara nyingi ni wa ndani, na dhuluma iliyo karibu zaidi ni kucheleweshewa malipo. Madeni ambayo vituo vya afya na serikali vinadaiwa na Bohari ya Dawa ya Tanzania, MSD, yamejadiliwa bungeni miaka nenda miaka rudi, na nchini Kenya kaunti zinadaiwa na KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa na vifaa tiba, fedha ambazo nayo ingezitumia kuwalipa wasambazaji. Sheria za nchi zote mbili hutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jambo ambalo kwenye karatasi ni uwajibikaji wa hali ya juu. Lakini kikundi cha vijana kilichokopa ili kusambaza pamba na dawa za kusafishia, kikalipwa baada ya miezi tisa, kitafilisika huku mteja wake akijihesabia alama za ujumuishi. Mnunuzi wa namna hiyo, awe wa umma au kampuni binafsi ya hospitali, hana uso wa kumdai mzabuni ripoti ya hewa ukaa.

Nikiitaja hewa ukaa sikusudii kuibeza. Makadirio ya mwaka 2019 ya shirika la Health Care Without Harm yaliipa sekta ya afya asilimia 4.4 ya uzalishaji wote wa gesi joto duniani, na asilimia 71 ya mchango huo ilitoka kwenye mnyororo wa ugavi, wala si kwenye majengo ya hospitali. Ila masharti ya mazingira yaliyoandikwa kwa ajili ya kiwanda cha Ujerumani, yakihamishiwa kwa mzalishaji mdogo asiye na fedha za kumlipa mtaalamu wa kupima, humwondoa kwenye ushindani na kumwachia nafasi mkubwa anayezalisha hewa ukaa nyingi zaidi lakini anajua kujaza fomu.

Je, kununua karibu ndilo jibu? Sehemu yake, ndiyo. MSD ina kiwanda cha glovu huko Idofi, Makambako, na kampuni ya Revital ya Kilifi, Kenya, inatengeneza sindano zinazojifunga baada ya matumizi ya mara moja. Ukaribu hauthibitishi kwamba wafanyakazi wanatendewa haki, lakini unamwezesha mnunuzi kufika bila miadi, na unaipa sheria ya kazi ya nchi yake nguvu juu ya kiwanda. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mahitaji yetu itaendelea kutoka Asia kwa miaka mingi, na hospitali moja ya Dodoma au Kisumu haiwezi kumshurutisha mtengenezaji wa Klang kwa lolote. Wanunuzi wakiungana wanaweza. MSD tayari imekabidhiwa jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, mpango ulioanzishwa kwa ajili ya bei nafuu, na sioni sababu ya mpango huo kubeba bei peke yake.

Muda nao ni mfupi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayopiga marufuku bidhaa zilizotokana na kazi ya kulazimishwa itaanza kutumika Desemba 2027, na mzigo utakaokataliwa Rotterdam au Hamburg utatafuta bandari nyingine, Dar es Salaam na Mombasa zikiwamo, tena kwa bei itakayomvutia kila ofisa ununuzi mwenye bajeti finyu. Zabuni za pamoja zinazoandaliwa sasa zingeweza kudai mambo mawili tu kabla ya tarehe hiyo: upande wa mtengenezaji, stakabadhi zinazoonyesha nani alimlipa wakala wa ajira kwa kila mfanyakazi mgeni, na upande wa mnunuzi, idadi ya siku za malipo iliyoandikwa kwenye mkataba pamoja na riba itakayotozwa siku hizo zikipita.