Alimshika, alishikwa, walishikana

Wanaoandika hadithi za mapenzi ya mwili kati ya wanaume, na wanaozisoma usiku kwenye simu huko Lubumbashi, Kongo, hugombana zaidi juu ya majina. Iandikwe shoga au isiandikwe? Pédé, shoga kwa Kifaransa cha mtaani, ni tusi tu, au mtu anaweza kujiita hivyo bila kujichafua? Kiungo kiitwe uume, au kwa neno la barabarani? Mabishano hayo yana msingi. Lakini yanakiacha kando kitenzi, na kitenzi ndicho kinachompangia msomaji nafasi yake kitandani.

Tuanze na oa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwandishi akiweka "Trésor aliolewa na Christian", hajatukana mtu, na bado msomaji wa Katuba, komini ya Lubumbashi, ameshamvika Trésor kitenge. Vitenzi vya faragha vinakwenda mwendo huohuo: anayetenda anabaki dume, anayetendwa anabeba aibu. Ndiyo maana lugha ina basha kwa mmoja na msenge kwa mwingine, na la pili ndilo linalorushwa kama jiwe. Mwandishi anaweza kufuta matusi yote mawili, akaweka "mpenzi" kila mahali, kisha sarufi ikayarudisha kwa mlango wa nyuma.

Dawa inayopendekezwa sana ni kauli ya kutendana: walishikana, walibusiana, walivuana nguo, walikumbatiana. Wote wawili wanakuwa watendaji, hakuna wa juu wala wa chini. Kwa msomaji aliyezoea kujiona tu pale penye aibu, herufi hizo tatu, -ana, ni pumzi. Lakini tazama zinavyofanya kazi zikijaa ukurasa. Nani alianza? Nani alisita? Nani alisema ndiyo? "Walivuana nguo" haijibu hata moja, na joto la hadithi ya namna hii liko katika majibu hayo. Kuna wasomaji, tena wengi, wanaotaka tofauti: mmoja anaongoza, mwenzake anaachia. Kumnyima msomaji huyo "alimvuta" na "alivutwa" kwa jina la heshima ni kumlisha ugali bila mboga. Tena kutendana kunaweza kuficha kulazimishwa: mhusika mmoja hakuwahi kukubali, lakini "walivuana nguo" imewagawia jambo hilo nusu kwa nusu.

Kinachosaidia ni kubadilisha kauli ndani ya tukio. Aanze mmoja (alimgusa bega), mwenzake ajibu kwa kitenzi chake mwenyewe (akamgeukia, hakuutoa mkono), ndipo ije -ana. Inapofika hapo imelipiwa. Na kauli ya kutendwa ikihitajika, apewe mtendwa kitenzi kingine cha kutenda karibu yake: "alivutwa, naye akaufunga mlango kwa kisigino." Kisigino hicho kinamwondolea aibu kuliko sentensi nzima ya mwandishi kuhusu usawa.

Sasa tatizo la viambishi. Kiswahili hakina "il" wala "elle" za Kifaransa, yeye wa kiume na yeye wa kike. Soma hili: "Umeme ulikatika Kenya nzima. Alimshika mkono akamvuta karibu, akahisi moyo wake ukipiga." Kenya hapa ni komini ya Lubumbashi, si nchi. Kuna a- mara tatu, -m- mara mbili, na "wake" moja. Moyo ni wa nani? Na nani mwanamume? Mtu anaweza kusoma kurasa tatu akidhani mmoja wao ni msichana, kisha ndevu zikatokea ghafla na tukio likavunjika. Marekebisho si makubwa: "Christian alimshika Trésor mkono, akamvuta karibu. Trésor alihisi moyo wa mwenzake ukipiga." Mtendaji akibadilika, jina lirudi na sentensi ianze upya; asipobadilika, -ka- inatosha. "Mwenzake" ni neno la thamani mahali hapa, maana linamtaja wa pili bila kumpa cheo. Kinachoharibu ni tabia iliyotoka kwenye hadithi za Kiingereza, ambako "he" mbili zikigongana mwandishi hukimbilia rangi ya nywele na urefu. "Yule mrefu alimbusu yule mfupi" kwa Kiswahili ni sauti ya shahidi anayeeleza wizi polisi.

Lakini ukungu huohuo ni kinga. Simu ikiwa juu ya meza, ujumbe ukiingia, mstari wa kwanza unaonekana hata skrini ikiwa imefungwa. "Alinisubiri mpaka saa mbili usiku" haimsaliti mtu. Kifaransa hakiwezi kujificha muda mrefu hivyo. "Il" inatoka mapema. Jambo hili si dogo. Sheria ya Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya wanaume kuwa kosa, ila Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 175 juu ya maandishi yanayokiuka maadili mema na cha 176 juu ya kuyavunja hadharani; na Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Nje ya sheria kuna familia, na familia haisubiri kifungu. Wanaopinga kujificha nao wana hoja: aliyetafuta hadithi hiyo ametafuta wanaume, na ukimfichia wanaume umemnyima alichokijia. Kwa maoni ya hapa, kichwa cha hadithi, jina la faili na mstari wa kwanza vinyamaze. Kabla aya ya kwanza haijaisha, mwili uwepo, na sauti nzito, na shati la kazi lenye vumbi jekundu.

Majina ya viungo yanategemea neno lilikoingilia sikioni. Uume ni neno la zahanati. Dhakari ni la vitabu, na wengi Lubumbashi hawalijui kabisa. Neno la mtaani lina joto, lakini ndilo la ugomvi pia. Basi wengi huchomeka Kifaransa, "sexe", kwa sababu haliunguzi. Mwaka 2003 mtafiti Catherine Harris na wenzake walipima jinsi ngozi ya vidole inavyopitisha umeme kwa watu waliokulia Kituruki na kujifunza Kiingereza baadaye: maneno ya mwiko yalisisimua zaidi kwa lugha ya kwanza, na makaripio ya utotoni, kama "huoni haya?", yalionyesha tofauti hiyo vizuri zaidi. Walipima maneno na virai, si hadithi, kwa hiyo tusivute kamba mbali. Ila kwa anayeandika Kiswahili cha uani hapa kuna funzo: mpenzi akinong'ona "hauna haya?" huku akitabasamu, atafika mbali kuliko jina lolote la kiungo. Au ataumiza. Kwa msomaji aliyelisikia neno hilo kwa fimbo, tabasamu lazima lionekane kwanza.

Mipaka nayo ina vituko vyake. Shoga, pwani, ni neno la kale la mwanamke kwa rafiki yake mwanamke. Yaya, anavyoitwa mkubwa wako Lubumbashi, huko Nairobi ni mlezi wa watoto. Mpenzi akiitwa hivyo katikati ya mahaba, msomaji wa huko atacheka mahali pasipofaa. Bibi ni mke huku, na mama wa mzazi kwingineko.

Kuna neno moja ambalo kosa lake halibaki kwenye karatasi: mafuta. Hadithi nyingi huyatia kwa sababu yanang'aa na yananukia. Mafuta ya mawese au vaseline huudhoofisha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache, na vijana wengi hawana darasa jingine la mambo haya ila hadithi hizo. Jeli ya maji haiudhuru mpira. Wanaosema somo linaua hamu wako sahihi pale mwandishi anapoingiza sauti ya kituo cha afya na kifupi cha HSH, yaani wanaume wanaolala na wanaume. Lakini pakiti ya kondomu ya Prudence iliyofunguliwa kwa vidole, si kwa meno, inachukua nusu sentensi. Na kitenzi kinachofuata ni "alimvisha". Anayevishwa hapo ni mtendwa wa sarufi, na hakuna msomaji aliyewahi kumwonea aibu.