Uko Mombasa? Sukuma wiki waachie wa bara

Mtu akitaka kuanza kupanda mboga nyumbani hapa Mombasa swali lake la kwanza huwa ni sukuma wiki napanda vipi, na jibu langu mimi siku zote ni usipande. Sio ati haioti, inaota, lakini sukuma ni mtoto wa baridi. Kule Limuru haina maneno, huku Kisauni ukiipanda wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, joto la mchana linapita nyuzi 32 na usiku wenyewe haupoi, basi kazi yako itakuwa kufukuza vidukari na viwavi, na majani ukiyapata yashakuwa magumu na machungu. Mtu anakata tamaa anasema yeye hana mkono wa kupanda. Mkono anao, mboga ndio sio ya hapa.

Hizi video nazo zinachangia. Unamuona mtu ana udongo mwekundu mzuri, anatia mbegu, wiki ya pili kijani kibichi. Sasa wewe toka uani kwako uchimbe, ni mchanga mtupu ama mawe ya matumbawe. Udongo wa mawe haya una chokaa nyingi, mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma, ndio waona majani yanageuka njano na mishipa imebaki kijani, halafu watu wanadhani ni kiu wanazidisha maji. Udongo hapa utautengeneza mwenyewe. Pale Bamburi machimbo ya kiwanda cha simiti yaligeuzwa msitu kuanzia miaka ya 1970, walipanda mivinje juu ya mawe matupu na wakaachilia majongoo humo wayatafune yale majani makavu, ikawa mboji. Wewe huhitaji majongoo, tafuta samadi ya mbuzi iliyokauka vizuri, majani yaliyooza, mchanga kidogo, changanya ujaze kwenye gunia la mchele ama ndoo kuukuu yenye matundu chini.

Lakini hata udongo sio mwanzo. Mwanzo ni maji, na hapa ndio mimi hugombana na watu. Kabla hujaenda agrovet jiulize utamwagilia na nini. Ya mfereji yaja yakitaka, ya mkokoteni ukinunua jerikeni kila siku ili ule mchicha wa shilingi 20 hiyo sio hesabu bana. Kinabaki kisima, na visima vya Mombasa ladha yake twaijua. Maji ya chumvi yanachoma ncha za majani, na maharage ndio hayavumilii kabisa. Spinachi, hii ya majani mapana ya sokoni, inastahamili chumvi kuliko mboga nyingi japo jua kali haipendi, itafutie kivuli. Kwa hivyo onja maji yako kwanza. Kama yana chumvi sana yachanganye na ya kuoshea mchele, na mvua ikinyesha gunia liache nje lilowe mpaka maji yatoke chini, ile chumvi ioshwe. Ya kufulia yenye sabuni nyingi usimwage hapo tafadhali.

Sasa upande nini? Matembele, yaani majani ya viazi vitamu! Sijui mbona watu wanayadharau. Mbegu hununui, waomba jirani kipande cha shina chenye vifundo vitatu vinne, wachomeka, wamwagilia, kwisha. Yanatambaa, yanavumilia jua, wakata na yanachipua tena, na ukiyapika kwa nazi hutauliza sukuma iko wapi. Mchicha nao ni wiki tatu nne unakula, mbegu zake ni ndogo mno zichanganye na mchanga unyunyize juu juu, usizifukie sana. Kunde majani yake mboga na mizizi inarutubisha udongo. Bamia inataka subira kidogo, kama miezi miwili, ila jua ndio chakula chake.

Wadudu wakija twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo unyunyize jioni. Mwarobaini Mombasa hununui. Kuku wa jirani ni kesi nyingine, hao tafuta wavu, manake ukienda kulalamika utaambiwa kuku hajui mpaka.

Na nyanya? Usiku ukiwa na joto hivi maua yanapukutika bila kushika tunda, mi nyanya nanunua Kongowea na sioni haya. Pilipili lakini panda, hata kopo moja hapo mlango wa jikoni, ikikubali itazaa mpaka majirani waanze kubisha hodi wakati wa kupika.