Taharuki si mali ya fasihi peke yake

Walimu wa fasihi wana ugomvi wa muda mrefu na waandishi wa habari. Kwao, taharuki ni ile hamu inayomshika msomaji akakosa usingizi mpaka ajue kama mhusika atapona. Gazeti likiandika "Chui azua taharuki kijijini", wanaona neno limeporwa, na mwanafunzi aliyezoea vichwa hivyo ataeleza kwenye mtihani kwamba taharuki ni hofu tu, akose alama.

Shuleni malalamiko hayo yana uzito. Nje ya darasa sioni yanasimamia wapi.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, taharruk, yaani kujongea, kutotulia mahali. Ni ndugu wa haraka na harakati. Ile ta- ya mwanzo ndiyo iliyotupa tahadhari ubavuni mwa hadhari, na tafakuri ubavuni mwa fikra. Kwa hiyo katika asili yake hamna hofu wala hamu, mna mtikisiko. Fasihi ilichukua mtikisiko wa moyo, gazeti likachukua wa miguu. Hapo nani kampora mwenzake?

Tena neno la gazeti lilihitajika. Hofu huweza kukaa na mtu miaka mingi bila jirani kujua. Mshtuko hupita. Kiwewe humpata mmoja akashindwa ashike lipi aache lipi, na mchecheto, wengi wanavyolitumia, ni wa anayesubiri majibu ya usaili. Sasa chukua usiku wa 16 Februari 2011, mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watu zaidi ya 20 walikufa. Maelfu walikimbia gizani, wazazi wakapotezana na watoto, wengine wakafuata tu kule wenzao wanakokimbilia. Ukisema "walikuwa na hofu" hujasema kitu. Ile ilikuwa hofu ya umma, ya ghafla, iliyoinua watu mbio.

Na vitenzi vinatusaidia tusichanganye. Mwandishi wa riwaya hujenga taharuki, tukio huizua. Hakuna asomaye "taharuki yazuka sokoni" akadhani wachuuzi wanangojea sura ya pili.

Kinachonisumbua mimi ni matumizi ya tatu, yanayosikika sana katika habari za Kenya: "taharuki imetanda", huku wanakijiji wamejifungia ndani, kimya. Hiyo ni hali ya wasiwasi. Tofauti hii si ya wapenda kamusi tu, maana neno limeshaingia midomoni mwa polisi: fulani kakamatwa kwa "kuzua taharuki" mtandaoni. Sheria ya Kenya ya makosa ya mitandao ya 2018, katika kifungu cha 23, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa anayechapisha uongo akijua ni uongo, ukaleta taharuki, vurugu au ghasia. Miaka 10! Kwa adhabu ya namna hiyo, lazima tujue taharuki inaanzia wapi. Mtu kaeneza uvumi kwamba unga utapanda bei. Majirani wakanung'unika, wakalaani serikali, wakaenda kulala. Hakuna duka lililovamiwa, hakuna aliyekimbia. Kazua minong'ono. Askari anayeiita taharuki aulizwe ni nani aliyetoka mbio.